Panya Amepona, Wewe Je?

Hotuba kwa walimu wa baiolojia na wanafunzi wao, Upanga, Dar es Salaam. Waliokosa kufika wameiomba, naiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti wetu, walimu wangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita mliokubali kuitoa Jumamosi yenu: itifaki imezingatiwa. Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine mambo vipi.

Nianze na simu zenu. Nani hapa hajawahi kupokea kwenye kundi la familia ule ujumbe wa "Wanasayansi wagundua dawa ya kansa", ukiwa na alama tatu za mshangao? Anyooshe mkono. Naona hakuna. Sasa, mkiufungua ujumbe ule mkashuka nao hadi chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayefika, mtakuta sentensi imejibanza: majaribio yamefanyika kwa panya. Wakati huo shangazi amekwisha kuandika amina, mjomba ameuliza kama Kariakoo imeshafika, na aliyepona ni panya.

Hapo ndipo familia hugawanyika. Wapo wanaosema panya na mtu wapi na wapi, huo ni upuuzi. Wapo wanaosema jeni zetu ni zilezile, kilichomponya yeye kitatuponya na sisi. Mimi kazi yangu ni kuhesabu seli za kinga kutwa nzima, kwa hiyo mniruhusu niingilie ugomvi huu wa familia.

Nina jambo moja tu leo. Kinga ya panya wa maabara inatofautiana na yetu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuzaliwa: yeye ni panya, wewe ni mtu. Ya pili ni kuishi: yeye anaishi maisha ambayo hakuna mtu wa Dar es Salaam, wala wa mji mwingine wowote duniani, amewahi kuyaishi. Sababu ya kwanza imo vitabuni siku nyingi. Ya pili tumechelewa kuitazama, na hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu sisi tuliokaa humu ndani.

Na kabla hamjauliza: hapana, sizungumzii wale panya buku wa Morogoro wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Yule anafika kilo moja na ana ajira yake. Ninayemzungumzia ni huyu mdogo, gramu ishirini na kitu, mweupe au mweusi, anayelala ndani ya kiboksi cha plastiki.

Kwanza tulipe deni. Maana deni lipo, na ni kubwa.

Mwaka 1949, huko Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, palikuwa na maabara iliyofuga panya ili kuchunguza madhara ya mionzi. Ni mji uleule ulioandaa urani ya bomu la atomiki. Wakazaliwa pale panya madume wenye ngozi inayopukutika magamba, bandama zimevimba, mitoki imewatoka, na baada ya wiki chache wanakufa. Madume tu. Dada zao wazima kabisa. Mwanafunzi wa baiolojia, hapo unawaza nini? Kromosomu X, maana dume anayo moja tu, ikiharibika hana ya akiba. Vizuri sana.

Wale panya hawakutupwa. Wakafugwa, wakazalishwa, ukoo ukaendelezwa kwa miaka na miaka. Miaka ya tisini watafiti wawili, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakiwa kwenye kampuni ya dawa huko jimbo la Washington, wakaamua kuitafuta ile jeni iliyoharibika. Siku hizo kazi hiyo haikuwa ya kubofya kitufe. Unaipekua kromosomu kipande kwa kipande kwa miaka. Mwaka 2001 wakaitangaza, jeni iitwayo Foxp3. Na mwaka huohuo ikabainika kwamba wapo watoto wa kiume wa binadamu wanaozaliwa na ugonjwa adimu, IPEX, ambao kinga yao huushambulia mwili wao wenyewe tangu uchanga: matumbo, kongosho, ngozi. Jeni iliyoharibika? Ileile.

Huko Japani, Shimon Sakaguchi alikuwa ameshaonyesha mwaka 1995, kwa panya vilevile, kwamba miongoni mwa seli T, aina mojawapo ya askari wa kinga, zipo ambazo kazi yake ni kuzituliza seli T nyingine zisipandwe na hasira. Foxp3 ndiyo inayozitawala seli hizo tulizi. Oktoba 2025 watatu hao wakatunukiwa Nobel ya tiba. Kutoka panya mwenye magamba mwaka 1949 hadi Stockholm, miaka 76.

Je, panya huyo ni wa kudharauliwa? Ni panya aliyetuambia mwaka 1961, kupitia Jacques Miller, kwamba tezi ya thaimasi iliyoko kifuani si mabaki yasiyo na kazi. Ni seli za panya walizotumia Köhler na Milstein mwaka 1975 kutengeneza kingamwili za aina moja (kingamwili ni protini za kinga zinazomshika mvamizi), ambazo leo zimezaa dawa za kansa, za baridi yabisi na nyingine chungu nzima. Na mwaka 2002 jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, iliposomwa ikawekwa kando ya yetu, asilimia 99 hivi ya jeni zake zikaonekana zina ndugu zake kwa binadamu. Yule anayesema panya na mtu wapi na wapi, hilo ndilo jibu lake.

Lakini sikilizeni kilichotokea na zile kingamwili. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Ilikuwa kingamwili ya panya mtupu. Nini kikatokea? Miili ya wagonjwa ikaitambua kwamba hii si yetu, hii ya panya, ikatengeneza kingamwili za kupambana na kingamwili. Dawa yenyewe ikageuka mvamizi. Ndiyo maana wahandisi wa dawa wakahangaika miaka iliyofuata kuzibadilisha molekuli hizo, kwanza nusu, kisha karibu zote, hadi zikawa za kibinadamu kabisa. Ndugu wa asilimia 99, na bado kinga ilimkataa mlangoni.

Haya, njooni kwenye hadubini.

Karibu kila mmoja wenu amewahi kuchomwa kidole kupimwa malaria. Tone lile hupakwa kwenye kioo, likakaushwa, likatiwa rangi ya Giemsa. Mpimaji anatafuta vimelea, lakini wewe leo tafuta seli nyeupe. Kwa mtu mzima mwenye afya, nyingi utakazokutana nazo ni nyutrofili. Kiini chake kimekatika vipande vitatu, vinne, vilivyoshikana kwa uzi mwembamba wa zambarau. Vitabu vinasema ni kati ya asilimia 50 na 70 ya seli nyeupe zote. Hizi ndizo za kwanza kufika kwenye kidonda, zinakula bakteria, zinafia hapohapo, na mizoga yake ndiyo usaha.

Sasa toa kioo hicho, weka tone la panya. Na ulitumie vizuri, maana damu yake yote mwilini ni kama mililita mbili, haijazi nusu kijiko cha chai. Unaona nini? Limfosaiti, lile kundi la seli nyeupe ambamo seli T zimo. Sogeza kioo: limfosaiti. Sogeza tena: limfosaiti. Asilimia 75 hadi 90 ya seli zake nyeupe ni hizo. Nyutrofili ni za kutafuta, na ukiipata moja, kiini chake kimejizungusha kikawa na umbo la pete. Mara ya kwanza kuiona unadhani rangi imeharibika.

Damu ni ileile nyekundu. Jeshi lililomo si lilelile.

Na si idadi tu. Nyutrofili zetu zimebeba ndani yake protini ndogo za kuulia vijidudu, difensini. Nyutrofili za panya hazina. Basi tuseme panya amepunjwa? Hapana. Nenda kwenye utumbo wake mwembamba, utakuta seli zinazotoa difensini za aina zaidi ya ishirini, wakati za kwetu huko utumboni ni aina mbili. Silaha anazo, ameziweka kwingine. Hali kadhalika, panya ana vipokezi viwili, TLR11 na TLR12, vinavyomtambua toksoplasma, kimelea ambaye makazi yake ya mwisho ni tumbo la paka. Kwetu sisi vipokezi hivyo havifanyi kazi. Mnyama ambaye paka ni kifo chake, na mnyama anayemfuga paka alale kwenye kochi: mabadiliko ya miaka milioni 75 hivi tangu tulipoachana na babu mmoja yamemwandikia kila mmoja vita vyake.

Kuna tofauti moja ambayo nataka mkae nayo kidogo, kwa sababu imeua dawa nyingi. Bakteria wengi wana sumu kwenye ganda lao, endotoksini. Mtu akidungwa nanogramu mbili hadi nne za sumu hiyo kwa kila kilo ya uzito wake, zinatosha kumpandisha homa, kumtetemesha na kumuumiza kichwa. Kumbukeni, ni nanogramu. Panya wa maabara, ukitaka kumuua kwa sumu hiyo, unahesabu kwa miligramu kwa kilo. Na miligramu moja ni nanogramu milioni moja. Anayetembea pua ikigusa ardhi kutwa kucha angeishije kama kila bakteria angemtia homa?

Sasa fikirieni: mtafiti anataka dawa ya mgonjwa ambaye maambukizi yamesambaa kwenye damu, presha inaporomoka, figo zinagoma. Anamjaribia panya. Dawa inamwokoa panya. Inakwenda kwa binadamu, inashindwa. Nyingine inamwokoa panya, kwa binadamu inashindwa. Imetokea mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2013 kundi kubwa la watafiti wa Marekani lilikaa likalinganisha jeni zinazowaka na kuzimika kwa binadamu walioungua moto, walioumia vibaya na waliodungwa endotoksini, na panya waliopitishwa humohumo. Jibu lao lilikuwa kali: havilingani. Kwa binadamu waliojeruhiwa mabadiliko hudumu miezi, kwa panya siku chache yamekwisha. Magazeti yakashangilia, panya kwaheri.

Mwaka uliofuata Wajapani wawili wakachukua takwimu zilezile, wakaandika kwenye jarida lilelile: vinalingana sana.

Mnacheka. Lakini mwalimu wa hesabu ataniunga mkono: hakuna aliyedanganya. Wale wa kwanza walianza na jeni zote zilizobadilika kwa binadamu, wakauliza panya amefanyaje kwa hizo. Wale wa pili waliangalia jeni zilizobadilika kwa wote wawili, wakakuta zinapanda na kushuka pamoja. Mimi nawaelewa wote, ila kama ningekuwa mgonjwa mahututi kitandani ningewasikiliza wale wa kwanza, kwa sababu mimi kitandani nina jeni zangu zote, sina zile tu ninazoshirikiana na panya.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuzaliwa. Twende London.

Tarehe 13 Machi 2006, katika kitengo cha utafiti kilichokuwa ndani ya hospitali ya Northwick Park, vijana wanane wa kiume wenye afya njema walilazwa kujaribu dawa mpya iitwayo TGN1412. Sita wapewe dawa, wawili wapewe maji tu bila wao kujua. Dawa ilikuwa kingamwili inayoshika kipokezi cha CD28 kwenye seli T na kuziamsha. Kwenye wanyama jamii ya panya ilikuwa na tabia ya ajabu na nzuri: iliziongeza zaidi zile seli tulizi, zile za Sakaguchi. Ikatarajiwa kuwafaa wagonjwa wa baridi yabisi na wa kansa fulani ya damu. Nyani wadogo wa Asia walipewa, wakakaa salama. Na kwa tahadhari, vijana wakapewa dozi ndogo mara 500 kuliko ile iliyowekwa kwa nyani.

Mara 500 chini. Mtu gani angeogopa?

Wakatundikiwa dripu mmoja baada ya mwingine, wakipishana dakika kama kumi. Haikufika saa moja na nusu, wote sita waliopewa dawa wameanza: kichwa, mgongo, kutapika, homa, presha inashuka. Wawili wa maji wamelala wanawatazama wenzao. Usiku huo wote sita walikuwa kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, mapafu yamejaa, figo zimesimama. Seli zao T ziliamka kwa pamoja na kumwaga saitokini, zile kemikali za kuitana, kwa wingi ambao mwili hauwezi kuubeba. Wote walinusurika, Mungu mkubwa. Mmoja wao alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Uchunguzi ulichukua miaka. Kwa upande wa nyani jibu lilikuwa la kuzaliwa: seli zao T za kumbukumbu, zile zilizokwisha kupigana vita na kukomaa, hazina CD28. Dawa haikuwa na pa kushika. Za binadamu zinayo. Lakini panya je? Panya wa maabara CD28 anayo. Kwa nini yeye hakuungua?

Hapo ndipo tunapoingia kwenye sababu yangu ya pili. Naomba usikivu wenu, hata ninyi wa viti vya nyuma.

Panya wa maabara anaishije? Hewa yake imechujwa. Chakula chake kimeuliwa vijidudu. Maji yake safi kuliko ya kwangu na yako. Hajawahi kupata mafua, hajawahi kupata minyoo, hajang'atwa na mbu, hajagombania mabaki jalalani. Ndugu zake wote ni pacha wake, maana koo nyingi za maabara, kama ule maarufu wa panya weusi ulioanzishwa mwaka 1921, zimezalishana kaka kwa dada mpaka wote wamekuwa sawa kijeni. Kinga ya panya huyu ni mlinzi mwenye sare mpya na kirungu kipya ambaye tangu aajiriwe hajamwona mwizi. Seli za kumbukumbu atazitoa wapi, na hana cha kukumbuka?

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakafanya jambo ambalo bibi yangu angelifanya bila ruzuku. Walikwenda dukani, duka la wanyama wa kufuga nyumbani, wakanunua panya wa kawaida, wachafu, wakawatia kwenye boksi moja na wale wa maabara. Baadhi ya wale wa maabara walikufa. Waliobaki wakapimwa. Kabla ya hapo kinga yao ilifanana na ya mtoto mchanga wa binadamu, ile unayoipata kwenye damu ya kitovu. Baada ya kuishi na wenzao wa mtaani, ikafanana na ya mtu mzima. Jeni hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni jirani.

Miaka mitatu baadaye, 2019, kundi jingine la Marekani likasogea mbele zaidi. Walichukua viinitete vya panya wa maabara wakavipandikiza kwenye matumbo ya panya jike wa porini. Watoto wakazaliwa na jeni za maabara, lakini na vijidudu vya porini tangu siku ya kwanza: vya utumboni, vya ngozi, vyote. Kisha wakawapa dawa ya CD28, ndugu wa ile ya London iliyotengenezwa kwa ajili ya panya. Panya wa maabara seli tulizi zikaongezeka, kama ilivyozoeleka. Wale waliozaliwa na mama wa porini seli tulizi hazikuongezeka, na dalili za mwili kuwaka zikajitokeza. Kama panya hao wangekuwepo mwaka 2005, huenda wale vijana sita wangebaki na wikiendi yao.

Na kuna la hali ya hewa, ambalo mimi binafsi hulifurahia kila nikilisimulia. Maabara nyingi huweka joto la nyuzi 20 hadi 22, kwa sababu binadamu aliyevaa koti na glovu hujisikia vizuri hapo. Panya, ili mwili wake usihangaike kujipasha, anataka nyuzi kama 30. Yaani panya wa sayansi ya dunia nzima anatetemeka. Mwaka 2013 watafiti wa Buffalo, New York, waliwahamishia panya wenye uvimbe wa kansa kwenye nyuzi 30, na uvimbe ukakua polepole zaidi, kwa sababu seli T za kuua zilipata nguvu. Panya wa Kariakoo mwezi Februari, kwa hilo la joto, ana mazingira bora kuliko panya wa Boston. Mengine simsemei.

Sasa, walimu wangu, wanangu: kama malezi yanaweza kuwatenganisha panya wawili wenye jeni zilezile kiasi hicho, yanafanya nini kwa watu?

Twende Bagamoyo, si mbali, mwendo wa asubuhi moja foleni ya Tegeta ikikuhurumia.

Kimelea cha malaria kinachotuua sisi, falsiparum, hakiwezi kumwambukiza panya wa kawaida. Kwa hiyo sayansi ilimtafuta binamu yake. Mwaka 1948, huko Katanga, Kongo, kikapatikana kimelea kiitwacho Plasmodium berghei kwenye panya wa vichakani, kikahamishiwa kwa panya wa maabara. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake wa New York walichukua vimelea hivyo katika hatua ile ya kutoka kwa mbu, wakavipiga mionzi vidhoofike, wakawadunga panya. Panya walipata kinga. Hiyo ndiyo mbegu. Miongo ikapita, kampuni ya Marekani ikatengeneza chanjo ya falsiparum nzima iliyodhoofishwa kwa mionzi, na kwa wajitoleaji wa Marekani waliopewa dozi za kutosha, kinga ilikuwa nzuri sana.

Kisha chanjo ileile ikaja Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara, kwa vijana wa Kitanzania wa miaka 18 hadi 35. Kiwango kilekile. Wakaitikia kwa kingamwili chache kuliko Wamarekani, na kinga ikawa pungufu sana.

Jeni? Sidhani kama ndiyo hadithi yenyewe. Kijana wa Bagamoyo amekuwa akijuana na malaria tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Seli zake zimeshajifunza kuishi na kimelea hiki, na sehemu ya kujifunza huko ni kutokukurupuka. Mmarekani anakiona kwa mara ya kwanza maishani. Panya alisema itafanya kazi, na alisema kweli: ilifanya kazi kwa mtu anayefanana na panya wa maabara, mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana na malaria. Dozi na ratiba ya mtu wa kwetu ilibidi zitafutwe upya, kwa watu wa kwetu.

Nina jingine la namna hiyo. Nyutrofili tulizoziona kwenye hadubini: watu wengi wenye asili ya Afrika huwa nazo chache kwenye damu kuliko Wazungu, na ni wazima wa afya. Inatokana na badiliko la jeni ya Duffy, lilelile linalotukinga na malaria ya aina ya vivaksi. Lakini ukipimwa kwa kipimo kilichowekwa kwa kuwahesabu Wazungu, karatasi itatoka imeandikwa "chini ya kawaida". Kawaida ya nani? Wapo waliocheleweshewa au kupunguziwa dawa za kansa kwa sababu ya mstari huo kwenye karatasi.

Na Kilimanjaro. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na Watanzania na Waholanzi kwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili, yaani mboga, maharage, nafaka zisizokobolewa, vyakula vilivyochachushwa, wakabadilishiwa kwa wiki mbili wale vya kisasa, vya kusindikwa na kukaangwa. Sitazitaja chipsi mayai, mmezitaja wenyewe. Wengine wakafanyiwa kinyume chake. Kundi la tatu wakanywa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, kwa wiki moja, na naambiwa huko hakukuwa na shida ya kupata washiriki. Wiki mbili tu. Waliohamia vya kisasa protini za kuvimba zikapanda kwenye damu na seli zao za kinga zikawa zinaitikia vijidudu kivivu. Waliorudi kwenye vya asili, na wa mbege pia, dalili za kuvimba zikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalionekana bado yapo wiki nne baadaye. Wazazi wa Kichaga mnaopiga makofi, utafiti haukusema mnywe kila siku.

Panya wa maabara angetuambia hilo? Yeye anakula punje zilezile kavu tangu anazaliwa hadi anakufa.

Sasa upepo unageuka. Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua masharti ya kujaribu kingamwili kwa wanyama, na badala yake kutumia seli za binadamu zilizooteshwa maabara, vipande vidogo vya viungo juu ya vioo, na hesabu za kompyuta. Wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye tumemwacha panya na tumemfikia mtu. Mimi nina swali, na nimewaletea ninyi kwa sababu baadhi yenu mtakuwa kwenye hizo maabara miaka kumi ijayo. Seli hizo zimetoka kwa nani? Aliyezitoa aliwahi kuugua malaria? Alikuwa na minyoo utotoni? Alikula nini? Na ile kompyuta imelishwa vipimo vya watu wa wapi? Kwa sababu seli iliyooteshwa kwenye kioo haijawahi kuugua chochote. Ni safi. Safi kama panya wa Minnesota kabla hajaletewa jirani.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali nayapokea, tuanze na wanafunzi, na wale waliotaka kuona nyutrofili yenye umbo la pete, hadubini ipo pale mlangoni na kioo kimeshawekwa.